Kuzima Si Kukata: Istilahi za Taa za Nyumbani

Kila chombo kipya kiingiacho nyumbani huja na maneno yake. Baadhi ya maneno hayo tunayapokea kama yalivyo, mengine tunayaunda, na mengine tulikuwa nayo tangu zamani. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi za taa za nyumbani, hasa taa za aina mpya zinazoamrishwa kwa simu au kwa sauti. Yataonyesha pia kwamba katika kutafsiri maelezo ya taa hizo, neno lipasalo kuangaliwa kuliko yote si jina la taa bali ni kitenzi.

Mfano wetu tuutoe Lugoba, katika Wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Chalinze, ambayo si mbali na hapo, ndipo kilipo kituo kinachopokea umeme wa Bwawa la Julius Nyerere lililo katika Mto Rufiji. Bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwezi Februari 2024. Tuchukue basi nyumba moja ya Lugoba iliyokwisha kuunganishiwa umeme, na ambayo mwenyewe sasa anataka kuondoa globu za zamani na kuweka taa za aina mpya. Je, karatasi ya maelezo iliyomo katika pakiti ya taa hizo tutaiandikaje ili aielewe?

1. Maneno tuliyorithi

Kabla ya umeme, nyumba za sehemu hizo ziliangazwa kwa koroboi, ambayo pia huitwa kibatari, na kwa chemli au kandili yenye kioo. Penye shughuli kubwa iliwashwa karabai ya kupigwa pampu. Vyombo hivyo vilituachia vitenzi. Taa iliwashwa ikawaka. Ilizimwa na mtu, au ilizimika yenyewe kwa upepo au kwa kuishiwa mafuta. Utambi ulipandishwa ili mwanga ukolee, ukateremshwa ili ufifie. Umeme ulipofika, vitenzi hivi vilihamia kwenye chombo kipya bila taabu, ijapokuwa ndani ya globu hamna utambi wala mafuta.

Majina nayo yalipewa kazi mpya. Umeme lilikuwa jina la mmweko unaotangulia ngurumo za radi. Leo ni jina la nishati. Nchini Kenya wengi husema stima, neno ambalo pia ni jina la meli ya mvuke. Mahali ambapo msongo mkubwa wa umeme hupunguzwa huitwa kituo cha kupoza umeme, na hivyo kitenzi cha chai na uji kimepata kazi kwa mafundi. Hali kadhalika LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ni kifupisho kilichoundwa kwa Kiswahili kitupu, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa maana yake. Fundisho tunalolipata ni kwamba istilahi inayoanzia kwenye kazi ya kitu aghalabu hudumu.

2. Jina la taa

Taa nyingi zinazouzwa leo ni za LED. Herufi hizo ni kifupisho cha Kiingereza. Kitu chenyewe ni diodi itoayo mwanga. Juu ya pakiti yake huandikwa vipimo viwili ambavyo mfasiri hana budi kuvitenga. Wati ni kipimo cha umeme unaotumika, na lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka. Zamani mnunuzi alitaja wati huku akikusudia mwanga, na hapakuwa na hasara. Leo hasara ipo, kwa sababu globu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni zipatazo 800, na taa ya LED hutoa mwanga kama huo kwa wati 8 au 9 tu.

Taa tunayoizungumzia hapa ni ya LED, lakini imeongezewa kipande cha elektroniki kinachopokea amri kwa mawimbi ya redio. Wengi wameanza kuiita taa janja, kwa kufuata simu janja. Hatuna ugomvi na simu janja, kwani neno hilo limekwisha kukaa midomoni mwa watu. Hata hivyo, kwa upande wa taa lina kasoro mbili. Kwanza, halielezi taa hiyo inafanya nini. Pili, kwa upatanisho wa kisarufi ingebidi tuseme mfumo mjanja na mifumo mijanja, na msikilizaji angedhani mfumo huo unataka kumwibia.

Twapendekeza kivumishi -sikivu. Msikivu ni yule asikiaye na kutii, na ndivyo taa hii ifanyavyo. Tutasema taa sikivu, swichi sikivu, mfumo msikivu, mifumo misikivu, bila kuvunja kanuni yoyote. Tena neno hili linamkumbusha mtumiaji jambo kubwa, kwamba taa ya namna hii, hata isipowaka, ingali inasikiliza.

3. Kuzima na kukata

Taa ya zamani ilikuwa na hali mbili, yaani kuwaka na kutowaka. Swichi ya ukutani iliizima kwa kuikatia umeme, kwa hiyo kuzima na kukata vilikuwa tendo moja. Taa sikivu ina hali tatu:

(a) Inawaka.

(b) Imezimwa. Haitoi mwanga, lakini umeme ungali unafika kwenye holda, na taa inangoja amri.

(c) Imekatiwa umeme. Swichi ya ukutani au swichi kuu imefungwa, na taa haiwezi kusikia amri yoyote.

Kiingereza cha karatasi za maelezo aghalabu hutumia usemi mmoja mfupi kwa hali ya pili na ya tatu. Mfasiri akiufuata bila kufikiri ataandika: "Zima taa kabla ya kuibadilisha." Msomaji wa Lugoba atabonyeza simu yake, chumba kitaingia giza, naye atapanda juu ya stuli na kutia mkono kwenye holda yenye volti 230. Atakuwa ametii maelezo neno kwa neno. Kosa litakuwa la tafsiri, wala si lake.

Sentensi ipasayo ni hii: "Kata umeme kwenye swichi kuu, ngoja taa ipoe, ndipo uitoe." Tumetaja swichi kuu kwa makusudi. Ikiwa nyaya za nyumba zilifungwa vibaya, swichi ya ukutani yaweza kuzima taa ilhali umeme umebaki kwenye holda.

Tofauti hiyo hiyo yahitajiwa kwa mambo madogo pia. Mgeni akifunga swichi ya ukutani kwa mazoea, programu ya simu itaonyesha kwamba taa haijibu. Haifai kutafsiri kwamba taa imeharibika. Tuseme taa haipatikani, usemi ambao kila mwenye simu anaujua.

Vilevile tuangalie vitenzi vya umeme wenyewe. Umeme umekatika huonyesha tukio bila kumtaja mtendaji. Umekatwa huonyesha kwamba kuna aliyeukata. Na umeme umeisha humaanisha kwamba uniti za LUKU zimekwisha. Jambo hili lina maana kwa taa sikivu, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa ziwake mara umeme urudipo, hata kama zilikuwa zimezimwa. Mwenye nyumba asiyejua atashtuka usiku wa manane, nyumba nzima ikiwaka. Kwa kawaida programu humruhusu kuchagua, na maneno ya kuchagulia yaweza kuwa hivi: "Umeme ukirudi: taa iwake", au "Umeme ukirudi: taa ibaki kama ilivyokuwa".

4. Istilahi nyingine

Kihisi: kifaa kinachotambua mwendo, mwanga au joto. Wengine husema sensa, lakini neno hilo limekwisha kushikwa na kazi ya kuhesabu watu, kama ile ya mwaka 2022.

Kififishi: kifaa cha kupunguza na kukoleza mwanga, kutokana na kitenzi fifisha.

Hali ya kungoja: hali ya taa iliyozimwa huku ikisikiliza. Kitenzi kesha hakifai hapa, kwa sababu taa iliyokesha ni iliyowaka usiku kucha.

Kuoanisha: kuitambulisha taa kwa simu ili zifahamiane.

Kitovu: kifaa kinachopokea amri na kuzigawa kwa taa zote za nyumba.

Ratiba ya mwanga: mpango wa saa za kuwaka na kuzimika.

Mapendekezo haya yametolewa ili yajadiliwe, na baadhi yake huenda yakashindwa na maneno ya mafundi. Yakishindwa kwa neno lililo wazi zaidi, lugha itakuwa imepata faida. Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao. Lakini tofauti ya kuzima na kukata tunaomba ishikwe tangu sasa katika kila karatasi ya maelezo, kila kitabu cha ufundi na kila tangazo la usalama, maana maneno hayo mawili tayari tunayo, na kila mtu anayaelewa.