Radi, ndege na hofu ya kioo

"MWALIMU, ndege ikipigwa na radi, kile kioo cha rubani si kitapasuka?"

Aliyeniuliza ni mama muuza vitenge mpakani Rusizi II, wingu likija kutoka upande wa Bukavu. Kesho yake alikuwa apande ndege Kamembe, mara ya kwanza maishani, kumpeleka mwanawe hospitali Kigali. Alitaka kughairi, ampakie mgonjwa basi la kupita msitu wa Nyungwe.

Hofu yake ina sababu. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Kabare, ng'ambo kule Kivu ya Kusini, hupata miali ya radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani inazidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu.

Nilimjibu hivi. Tulipokuwa ukimbizini Ngara, mwalimu wetu alisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele, ikanyanyua vipande vya karatasi. Huo ni umeme tuli. Ndege nayo husuguliwa na mvua, vumbi na chembe za barafu. Kwenye bati, umeme huo husambaa na kutokea kwenye vijiti vidogo nyuma ya mabawa. Kioo hakipitishi umeme, basi hulimbikizana hapo. Ukiruka, huleta makelele redioni, na huweza kuharibu utando wa ndani unaopasha kioo joto kisigande barafu. Ndiyo maana vioo vingi vya rubani hupakwa kwa nje utando mwingine usioonekana, wa kuupeleka umeme kwenye bodi.

Radi yenyewe huipiga ndege ya abiria, kwa wastani, kama mara moja kwa mwaka. Huingia puani au ncha ya bawa, hupita juu ya bodi, hutokea mkiani. Kioo kikipata ufa, tabaka zilizobaki hushikilia. Mwaka 1963 ndege ya Pan Am ililipuka Marekani baada ya radi kuwasha mvuke wa mafuta, wakafa watu 81. Tangu hapo kinga ziliimarishwa sana.

Wa kuogopa zaidi ni sisi wa chini. Machi 2018 radi iliua watu 16 kanisani Nyaruguru. Ndugu msomaji, ukisikia ngurumo, usijikinge chini ya mti wala mwavuli. Ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, usitoke kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Mama alipanda ndege. Alinipigia simu kutoka Kigali: "Tumefika, mwalimu. Mtoto alilala njia nzima. Mimi ndiye niliyekikodolea macho kioo."