Yai Lililofika Zima Huenda Lisiwe Hai

Familia nyingi huagiza mayai ya kutotolesha kutoka mbali, yakasafirishwa kwa posta au kwa mabasi ya mikoani. Tunawatahadharisha ndugu wasomaji: ganda kutovunjika si dalili kwamba uhai uliomo umesalimika.

Ndani ya upande mpana wa yai mna kifuko cha hewa. Misukosuko ya njiani huweza kukibandua, na kifaranga kikakosa pumzi yake ya kwanza kabla ya kutoboa ganda. Joto nalo lina hatari yake: likizidi nyuzi 21 hivi za Selsiasi, kiinitete huanza kukua kabla ya wakati, likipanda na kushuka, hudhoofika au hufa. Yai likipita siku 7 tangu litagwe, matumaini huzidi kupungua.

Hivyo, ulizeni tarehe ya kutagwa. Mayai yafungwe mojamoja, ncha nyembamba ikielekea chini. Yakifika, yapumzisheni hivyo hivyo saa 24 kabla ya kuyatia mashineni au kumwatamisha kuku. Siku ya 7, yamulikeni.

Na kabla ya kulipa, andikianeni: hasara ya njiani ni ya nani? Muuzaji aweza kudhamini yai jipya lenye mbegu. Kifaranga hawezi kukidhamini.