MICHEZO YA WATOTO WA KARIAKOO

Mwili wa mtoto wahitaji mchezo kama uhitajivyo chakula na usingizi. Mtoto akaaye kutwa nzima bila kujinyosha hudhoofika, na akili yake nayo huwa nzito. Kwa hiyo, shule zifungwapo mwezi wa Juni, watoto wa Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam hutoka nje kucheza. Wakati huo masika yamekwisha, joto limepungua, na upepo wa kusi wavuma. Lakini kila mchezo wataka vitu viwili: mahali pake na sheria zake.

Kwanza tutazame mahali. Jina la Kariakoo latokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kambini hapo. Watu hao walibeba chakula na risasi, na wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu. Siku hizi pana soko na maduka mengi, nyumba zimesongamana, na magari hayana hesabu. Tena tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katika Mtaa wa Msimbazi. Mtoto aukimbiliaye mpira barabarani hatazami kushoto wala kulia. Macho yake yako kwenye mpira tu. Basi msicheze barabarani hata mkiona njia ni tupu.

Kati ya Kariakoo na mjini kuna kiwanja cha Mnazi Mmoja. Zamani za utawala wa Waingereza kiliachwa wazi ili kuitenga mitaa ya Waafrika na mitaa ya watu wengine. Leo kiwanja kile kile kilichotenga watu ndicho kinachowakutanisha. Upande wa pili liko bonde la Jangwani, nalo ni pana. Lakini mto Msimbazi wapita huko. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mto huo ulifurika, na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo wakati wa mvua mtoto asishuke bondeni.

Sasa tutazame sheria. Mdako huchezwa kivulini, jua likiwa kali. Watoto huchimba shimo dogo, wakatia vijiwe ndani. Mchezaji hurusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijaanguka huvikomba vile vya shimoni, kisha hukidaka cha juu. Hurusha tena, akavirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho ni fungu lake. Akikosa kudaka, humpisha mwenziwe.

Katika rede, wachezaji wawili husimama wakielekeana, na wa tatu hukaa katikati. Wale wawili humlenga kwa mpira wa matambara, naye hukwepa huku akijaza mchanga katika chupa ya plastiki. Kazi hii si rahisi, kwa kuwa mchanga wataka ainame, na mpira wataka atazame. Akiguswa na mpira, hutoka.

Kombolela huchezwa jioni. Kopo huwekwa mahali pa wazi, na mmoja hulilinda huku akiwatafuta wenziwe waliojificha. Amwonaye humtaja jina, naye huja kusimama kama mfungwa. Lakini aliyesalia akitoka mbio, akalipiga kopo teke kabla ya kutajwa, na kupaza sauti, "Kombolela!" basi wafungwa wote huwa huru. Jina lenyewe latukumbusha neno kukomboa. Mtoto huyo angaliweza kukaa salama mafichoni, lakini amejitia hatarini kwa ajili ya wenziwe.

Katika michezo hii mara nyingi hakuna mwamuzi. Mpira ukikugusa upindo wa nguo, huenda wewe peke yako ukajua. Ukikana, umepata ushindi wa uwongo. Kesho wenzio hawatakuamini, na ugomvi utauvunja mchezo. Ukisema, "Nimeguswa," unatoka sasa, lakini zamu yako itarudi.

Hata mpira wa miguu ni hivyo hivyo. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na klabu ya Simba mwaka 1936, zote mbili katika mji huu wa Dar es Salaam. Zimeshindana miaka mingi, kila moja ikitamani kuishinda nyingine. Walakini moja ikikosekana, nyingine itacheza na nani? Mshindani wako si adui yako. Pasipo yeye hakuna mchezo. Ndiyo maana wazee walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani.