Mbegu za Maua ya Mwitu: Funzo Kutoka Kagoma



Sisi wakulima wa karafuu twaishi kwa ua lisilofunguka. Karafuu ikianza kupata wekundu twaichuma, kwani ikishachanua thamani yake imekwenda. Mtafuta mbegu hufanya kinyume: huliacha ua lichanue, lipukutike, lizae. Twalikumbuka jambo hili tulipozungumza na mwanachama mwenzetu aliyerudi kuzuru jamaa zake Kagoma, upande wa Muleba, Mkoa wa Kagera.

Huko shamba la nyumbani huitwa kibanja, migomba na mibuni pamoja. Nje ya vibanja ni rweya, yaani uwanda wa majani ambayo watu hukata kwa kuezekea na kutandaza shambani. Maua mengi ya mwitu makao yake ni humo. Lakini siku hizi sehemu za rweya zimepandwa mikaratusi na misonobari, na chini ya miti hiyo maua hayapati jua. Atakaye yasipotee hana budi kuokota mbegu na kuziotesha nyumbani.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka subira.

Kwanza, ngoja kikonyo kikauke na ganda lipate rangi ya kahawia. Chuma siku isiyo na umande, utie katika mfuko wa karatasi au kitambaa. Mfuko wa nailoni huleta ukungu. Chukua kidogo kidogo kwa mimea mingi, wala usizidishe fungu moja katika matano. Yaliyobaki ni haki ya ardhi na ndege. Andika jina, mahali na tarehe.

Pili, kausha kivulini penye upepo. Msizianike juani jamvini kama tuanikavyo karafuu.

Tatu, mbegu ndogo kama vumbi zinyunyizwe juu ya udongo bila kufukiwa; kubwa zifukiwe kiasi cha unene wake. Zile za jamii ya kunde zenye ganda gumu zikwaruzwe kwa msasa, ndipo zilowekwe usiku mmoja. Nyingine hulala miezi. Basi msimwage udongo upesi. Hapo mbegu ya karafuu ni tofauti, kwani yenyewe haingoji: ikikauka imekufa.

Sasa onyo. Mwenzetu alitamani kutuletea mbegu za huko. Tulimkataza, wala hatukumkataza kwa choyo. Kagera kuna mti uitwao Maesopsis eminii, ambao jina lake humkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Kwao ni mti mwema, wenye kivuli na mbao. Wajerumani waliupanda Amani, Usambara Mashariki. Ndege wakala matunda yake, wakatawanya kokwa, na miaka ilivyopita mti ukaingia msituni ukazisonga nafasi za miti ya asili. Tena tusiseme hayo ni ya bara tu: uko Pemba pia, nao umeenea katika msitu wa Ngezi. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali. Na mbegu ivukayo bahari yataka kibali cha wakaguzi wa mimea.

Basi tufuate njia ya Kagoma, si mbegu ya Kagoma. Maua yetu yako ukingoni mwa mashamba, mabondeni na kando ya njia, na kila tunapofyeka chini ya mikarafuu kabla ya mavuno twayakata yangali hayajazaa. Twawaomba kila mmoja aache kipande kidogo, hata upana wa jamvi moja, kichanue mpaka kizae, ndipo akusanye. Katika misitu ya hifadhi msichume bila ruhusa.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu u chini ya miguu yetu; tusiufyeke.