Ioni za Kromiamu: Kutenganisha Kabla ya Kupima

Neno "kromiamu" likiandikwa peke yake katika taarifa ya upimaji wa maji, huficha jambo kubwa. Elementi hiyo hupatikana majini aghalabu kwa sura mbili. Kromiamu tatu ni ioni yenye chaji chanya, nayo ndiyo itumiwayo katika utengenezaji wa ngozi. Sumu yake si kali. Kromiamu sita, iliyoungana na oksijeni, huwa ioni yenye chaji hasi, yaani kromati. Hiyo ikivutwa kwa pumzi husababisha saratani ya mapafu. Hata hivyo, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, mikrogramu 50 kwa lita, huhesabu sura zote pamoja.

Chombo cha plazima nacho hakizipambanui. Plazima hii si ile ya damu, bali ni gesi ya agoni iliyopashwa joto kwa mawimbi ya redio hata ikapita nyuzi 6,000. Maji hunyunyizwa humo kama ukungu, yakakauka mara moja. Kila kilichoungana huvunjika, na atomi zilizosisimuliwa hutoa nuru. Kila elementi ina nuru yake, kama Bunsen na Kirchhoff walivyoonyesha huko Heidelberg mwaka 1860 walipogundua elementi ya sesiamu kwa njia hiyo. Kromiamu hutambuliwa, mathalani, kwa wimbi la nanomita 267.7, na ukali wa nuru huonyesha wingi wake. Lakini joto hilohilo linaloipa plazima uwezo wake ndilo lifutalo tofauti inayotafutwa: iliyoingia ikiwa tatu na iliyoingia ikiwa sita hutoa nuru moja.

Kwa hiyo utenganishaji hauna budi kutangulia moto. Hapo ndipo ifaapo kromatografia, jina alilolitoa Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi, mwaka 1906, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "rangi" na "kuandika". Yeye alitenganisha rangi za majani. Leo ioni nyingi zitenganishwazo hazina rangi yoyote, na jina limebaki vilevile. Maji hupitishwa katika mrija uliojazwa punje za resini yenye chaji chanya. Kromiamu tatu hupita bila kuzuiwa. Kromati hushikwa, kisha huachiliwa polepole na mmumunyo unaofuatia. Mwisho wa mrija huunganishwa na kinyunyizio cha plazima, na mchoro hutoa vilima viwili. Nuru husema kwamba hii ni kromiamu. Wakati wa kutokea husema ni ipi.

Kwa viasi vidogo mno nuru haitoshi, na plazima huunganishwa na chombo kipimacho uzito wa ioni. Lakini hatari kubwa zaidi imo katika chupa ya kuchotea. Asidi, ambayo kwa desturi hutiwa ili kuhifadhi metali, huweza kuigeuza kromiamu sita kuwa tatu, hasa maji yakiwa na mabaki ya mimea. Na ioni iliyokwisha kugeuka haitambuliwi tena na mrija wala plazima kuwa ilikuwa sita.