Mtoto anabuni herufi zake? Mwonyesheni picha za makumbusho

Mzazi anayekuta daftari la hesabu limejaa alama asizozielewa kwa kawaida hufanya moja kati ya mawili: anagomba, au anaanza kuwaza kwamba mtoto anaficha jambo baya. Ni mapema mno kwa yote mawili. Kubuni maandishi ni mchezo wa watoto, na mara chache mchezo huo hugeuka kazi ya maana kabisa.

Mwaka 1989, nchini Guinea, ndugu wawili walianza kuchora herufi za lugha yao ya Kifulani. Ibrahima Barry alikuwa na miaka 14, mdogo wake Abdoulaye miaka 10. Baba yao alikuwa akiletewa barua na watu awasomee, zimeandikwa Kifulani kwa herufi za Kiarabu, na kuzisoma kulimtaabisha kwa sababu herufi hizo hazikutosheleza sauti za lugha. Vijana wakafumba macho, wakachora mistari, wakafumbua na kuchagua maumbo yaliyowapendeza. Maandishi hayo yanaitwa Adlam. Mwaka 2016 yaliingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta na simu.

Lakini si kila mtoto atafumba macho na kupata kitu. Wengi wakishamaliza duara, msalaba na pembetatu, alama zinazofuata zinakuwa A, B na C zilizopinduliwa. Hapo ndipo picha za vitu vya kale zinaposaidia.

Kwa familia ya Mazinde, makumbusho ya karibu ni Urithi, katika boma la zamani la Wajerumani mjini Tanga, yenye picha za kale za mji na watu wake. Nauli ikiwa ngumu, simu inatosha. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua picha zake kwa matumizi ya bure mwaka 2017, na Smithsonian ya Washington ikatoa picha milioni 2.8 mwaka 2020. Kutafuta humo kunahitaji Kiingereza kidogo, kwa hiyo mzazi au dada mkubwa akae karibu. Ili bando lisiishe, chagueni picha kumi tu na kuzihifadhi kwenye simu, kila moja na jina la kitu, watu waliokitengeneza na mahali kilikotoka. Kisha simu iwekwe pembeni, penseli ishikwe.

Vya kuangalia ni vingi. Mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kinachojulikana kwa Wazaramo, Wakwere na Wazigua wa upande wa Handeni, kina mwili kama gogo na kichwa chenye mashungi mawili ya nywele. Kwa mistari minne mtoto ameshapata herufi. Kibuyu cha gicandi cha Wakikuyu kimechanjwa alama ambazo mwimbaji huzifuata akiimba mafumbo. Waluba wa Kongo wana lukasa, ubao wa shanga na michongo ambao mjuzi huupapasa kwa vidole huku akisimulia habari za wafalme. Mmoja uko katika Makumbusho ya Brooklyn. Gicandi na lukasa vina faida ya ziada, maana vilitengenezwa hasa ili kutunza maneno.

Mwana hiti, hata hivyo, ni kitu cha mwali aliye ndani. Kabla mtoto hajakigeuza kuwa herufi ya M, aulizwe bibi kwanza. Huenda bibi akakataa, na huenda akasimulia yale ambayo maelezo ya makumbusho hayana. Mtoto naye atauliza kitu hicho kilifikaje Ulaya au Marekani. Vingine vilinunuliwa, vingine vilichukuliwa wakati wa ukoloni, na swali hilo lisizimwe.

Kazi ngumu kuliko kuchora ni kuhesabu sauti. Mfalme Njoya wa Bamum, Kameruni, alianza kubuni maandishi yake karibu mwaka 1896 kwa kuwaagiza watu wachore vitu mbalimbali, akapata alama takriban 500. Nani angezikumbuka? Alizipunguza mara kadhaa, hadi ilipofika 1910 zilibaki kama 80. Serikali ya Wafaransa baadaye ilifunga shule zake na kumpeleka uhamishoni, lakini hati zake zimehifadhiwa katika jumba la kifalme la Foumban.

Kiswahili chenyewe kilipitia taabu hiyo. Zama za Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa hapo hapo Mazinde kwenye njia ya misafara, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu tu za irabu wakati lugha ina irabu tano. Huko Mombasa, Mwalimu Sikujua alizifanyia marekebisho ili zifae. Mtoto naye ajaribu: je, "ng'" ya ng'ombe itakuwa na herufi yake, au itaandikwa kwa herufi mbili kama shuleni? Na "ch", ambayo kwetu ni alama mbili kwa sauti moja?

Je, baba adai kufundishwa maandishi hayo? Mara nyingi hapana. Shajara ya binti wa miaka 12 ina haki ya kufungwa, kwa kufuli au kwa herufi. Kama mtoto amebadilika, halali vizuri au anaogopa mtu fulani, mzazi azungumze naye uso kwa uso. Daftari si mahali pa kuanzia.

Na mtoto anayetaka kujua kama herufi zake zinafanya kazi, ajipime hivi. Amfundishe mdogo wake kwa siku tatu, kisha aandike sentensi moja ambayo mdogo hajawahi kuisikia, mathalani "Ng'ombe wa shangazi amekula katani", na aondoke chumbani. Mdogo akikwama kwenye "ng'" na kusoma "ngombe", herufi hiyo irudi mezani.