Baba na gemu ya kijasusi asiyochoka kuirudia

Saa nne usiku, watoto wamelala, baba yuko mbele ya kompyuta anacheka peke yake. Mama akichungulia anakuta picha ileile ya mwezi uliopita: mwanamke aliyevaa mavazi ya miaka ya 1960, bunduki mkononi. Hivi ni mapenzi tu au tayari ni ugonjwa?

Gemu hiyo ni The Operative: No One Lives Forever, iliyotengenezwa na Monolith Productions ya Marekani na kutoka mwaka 2000. Mhusika wake, Cate Archer, ni Mskoti aliyekuwa mwizi kabla ya kuajiriwa kuwa jasusi, na wakubwa wake hawaamini kama mwanamke anaiweza kazi hiyo. Anakwenda kazini na rangi ya mdomo inayolipuka na kibanio cha nywele kinachofungua kufuli. Maadui zake ni genge la HARM, na mchezaji haambiwi kamwe herufi hizo ni kifupi cha nini.

Lakini kinachowarudisha wengi ni walinzi wa genge hilo. Ukiwanyemelea bila kufyatua risasi, unawasikia wakipiga soga, wakilalamikia kazi, hata wakijadiliana kwa nini watu huwa wahalifu. Mwenye pupa huwaua kabla utani haujaisha. Ndiyo maana anayecheza mara ya tatu husikia aliyoyakosa mara ya kwanza.

Halafu si kitu cha kwenda kununua dukani. Miaka ya 2010 kampuni ya Night Dive Studios ilijaribu kuitoa upya, ikakwama kwenye suala la nani anamiliki haki zake. Mwenye sidii ya zamani anaitunza kama cheti cha ndoa.

Kurudia kitu unachokipenda si dalili ya ugonjwa. Mtoto naye hudai hadithi ileile kila usiku, na mtu mzima aliyechoka hupata nafuu kwenye mchezo ambao tayari anajua unavyokwisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutambua ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Linaangalia mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na kuvuruga kazi, masomo au familia. Kwa hiyo mama asihesabu baba amerudia mara ngapi. Aangalie kama analala vya kutosha, kama anawahi kazini, kama bado anakaa na watoto.

Jambo moja lisipuuzwe: pamoja na vichekesho vyote, humo watu wanapigwa risasi. Si ya kuchezwa mtoto mdogo akiwa amekaa mapajani.

Na baba akisema "subiri kidogo nimalize hapa," mama ajue kwamba kwenye kompyuta gemu hii inaweza kuhifadhiwa katikati ya mchezo na kuendelezwa kesho.